Kushuka na Mto hadi kwa Mama Libérata

Mei 11

Leo tumeanza kung'oa maharage ya shamba la bondeni. Mvua ilisubiri tumalize kuyatandaza, ndipo ikanyesha. Jioni mume wangu alirudi na manyoya ya shingo ya jogoo ndani ya kofia. Nilimuuliza jogoo ni wa nani. Akasema ni wa jirani, na kwamba amekubali. Kama aliyekubali ni jirani au ni jogoo, hakusema.

Mei 14

Mvua. Maharage yamejaa sebuleni, sisi tunapita kwa ubavu.

Mei 17

Baada ya misa mume wangu Habumugisha alisafisha meza, akapanga juu yake vitu vyake vyote vya mtoni kama mtu anayefungua duka. Kuna fimbo ndefu nyembamba aliyoachiwa na padri mgeni aliyehudumu huku tulipokuwa vijana. Kuna uzi, ndoano ndogo ndogo, na wale nzi wake wa uongo. Anawatengeneza mwenyewe: anafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano kwa uzi wangu wa kushonea mpaka ndoano ifanane na mdudu aliyeangukia majini. Kisha anaurusha uzi nyuma na mbele, nzi anatua juu ya maji, samaki anadanganyika. Hapa Kalembe wanamwita Papa Nzi, yaani Baba Nzi, naye anaitika bila kinyongo.

Kinachowashangaza watu ni kwamba akishamtoa samaki, anamtazama kidogo, anamgeuza upande huu na ule, kisha anamrudisha mtoni. Watoto wa darasa langu waliniuliza siku moja kama mume wa mwalimu ni mzima kichwani. Ni mzima. Tatizo ni kwamba samaki haingii nyumbani kwetu. Mama mkwe wangu, Mama Athanasie, alikulia katika nyumba ya ng'ombe, na nyumba hiyo ilikuwa na sharti lake: samaki na maziwa havikai chini ya paa moja, la sivyo ng'ombe atakauka. Siku hizi ana ng'ombe mmoja tu, Gaju, lakini sharti ni lile lile. Majirani wetu wengi wanakula samaki na ng'ombe wao wamenona. Ukimwambia hivyo, anakujibu kwamba hao si ng'ombe wake.

Basi mume wangu ametangaza mpango. Maharage yakishakauka na shule ikishafungwa, tutashuka na mto kwa miguu kutoka hapa hadi Pinga. Yeye atavua. Mdogo wangu Myriam, ambaye ana studio ya picha pale Kashebere, atapiga picha za miamba na maporomoko. Mimi, inaonekana, nitatembea.

Hakutaja sababu yenyewe, na mimi sikumlazimisha mbele ya mama yake. Lakini humu ndani naandika ninavyotaka. Pinga ndiko alikoolewa binti yetu Gentille. Miaka mitatu iliyopita, siku ya harusi, mama wa bwana harusi Yves, Mama Libérata, alitoka Pinga na kikapu kikubwa cha samaki wakavu. Aliwakausha mwenyewe, akakibeba kikapu mapajani juu ya pikipiki katika matope ya njia nzima. Kwao hakuna zawadi inayopita hiyo. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, akakiweka nje chini ya upenu. Ikaja mvua ya upepo. Asubuhi Mama Libérata alitoka kunawa uso, akamkuta mbwa wetu na kichwa chake ndani ya kikapu.

Hakupiga kelele. Alifunga kitenge chake, akaaga kila mtu kwa jina, akapanda pikipiki. Tangu siku ile hakuna mtu wa kwao aliyekuja kwetu, wala wa kwetu aliyekwenda kwao. Gentille ana mtoto wa miaka miwili, anaitwa Prince. Ni mjukuu wangu wa kwanza na sijawahi kumshika.

Mei 23

Myriam amekuja kuuliza habari za safari. Anataka picha za maporomoko kwa ajili ya kalenda anayouza mwisho wa mwaka, maana amechoka na maharusi wanaosimama mbele ya kitambaa kilichochorwa bahari. Nilimwambia anipigie mjukuu wangu kwanza, maji yatasubiri. Akasema atampiga mjukuu ndani ya maji, tumalize ugomvi.

Atakwenda kumwomba chifu ruhusa ya kupiga picha njiani. Ukionekana na kamera karibu na mto bila ruhusa, watu watadhani umekuja kutafuta dhahabu yao.

Mei 26

Nilimuuliza mume wangu kwa nini tusipande pikipiki kama watu wengine, tufike siku hiyo hiyo. Alikuwa anang'ata uzi. Aliufunga kwanza, kisha akanijibu: "Na pikipiki tutafika mbio, sijajua bado ya kusema."

Nimekaa naye miaka mingi na bado kuna siku ananinyamazisha.

Juni 2

Njia si nzuri, na si kwa sababu ya matope. Waendesha pikipiki wote wameegesha, na wakiegesha wao, sisi hatuulizi zaidi.

Juni 5

Bado.

Juni 9

Bado. Maharage yamekauka, tumeyapiga kutwa nzima. Mume wangu ametengeneza nzi wa kutosha kuudanganya mto wote. Mama mkwe anatikisa kibuyu cha maziwa kila asubuhi, anatoa mafuta ya ng'ombe, lakini hatugawii hata kijiko. Zamani alikuwa akitutilia kidogo kwenye maharage. Nilimuuliza kwa upole anamwekea nani. Akasema kibuyu ni chake.

Juni 12

Nimekasirika na naandika nikiwa nimekasirika. Leo mama mkwe alikuta nzi mmoja wa uongo ameanguka karibu na ndoo ya maziwa. Aliyamwaga maziwa yote. Yote. Akasema ile ndoano imeshaingia kinywani mwa samaki. Nilimwambia, "Mama, na mutoto wa Gentille? Yeye anakula samaki kila siku. Siku akikuja hapa, utamumwaga na yeye?"

Alikaa, akaosha ndoo kwa majivu, akaisuuza mara nyingi kuliko inavyohitaji. Mume wangu alitoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo. Sina haya kusema kwamba leo namwona mama yule ana moyo mgumu. Ameweka ng'ombe mmoja upande huu na kitukuu upande ule, amechagua ng'ombe.

Juni 13

Nilimwamkia kwanza, maana ni mama. Aliitikia.

Juni 16

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao. Gentille alinipa mtoto azungumze. Prince alisema "alo," akasikiliza kidogo, akaikata simu. Nilikaa pale juu ya jiwe na simu sikioni mpaka mtu mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kama kuna msiba.

Nilipopiga tena, Gentille aliniambia amemweleza mama mkwe wake kwamba tunapanga kwenda. Mama Libérata aliuliza jambo moja tu, tunakwenda na pikipiki au na miguu. Gentille akamjibu kwamba ni kwa miguu. Mama Libérata akasema sawa, akaendelea kusuka kikapu.

Juni 20

Njia imefunguka, wanasema. Tusubiri kidogo tuone kama itabaki imefunguka.

Juni 25

Imebaki. Mchana jua, jioni jua. Mto umeshuka na mawe yameanza kutoa migongo yake. Mume wangu anaimba.

Julai 2

Tumesoma matokeo ya watoto. Nusu ya darasa langu walilia kwa furaha, nusu kwa sababu nyingine. Shule imefungwa.

Julai 4

Leo ni siku ya kufunga mizigo, yaani siku ya kugombana. Myriam analeta kamera, betri, na mwavuli wa kuifunika kamera. Hana mwavuli wa kujifunika mwenyewe. Mume wangu analeta fimbo yake na furaha yake. Sufuria, unga wa bugali, chumvi, kiberiti, turubai na blanketi, nani atabeba? Nilipouliza, wote wawili waliniangalia kwa mapenzi makubwa. Nimegawa mzigo sawasawa kwa watu watatu na sitaki kusikia neno. Gunia la maharage la wakwe litatangulia kwa pikipiki.

Julai 6

Kesho tunaondoka. Naandika haya jikoni.

Leo mchana mama mkwe aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na mbele yake kulikuwa na chungu kidogo cha mti chenye kifuniko, kimefungwa kwa kitambaa cheupe kile anachokivaa kichwani siku ya Pasaka. Aliniambia nikifungue. Ndani kulikuwa na mafuta ya ng'ombe, ya manjano, yanayonukia, yamejaa mpaka juu. Ndiyo yale ya asubuhi zote hizi, yale aliyotunyima.

Alisema, "Utapelekea ule mama wa Pinga."

Nilidhani hakufikiri vizuri. Nikamkumbusha taratibu, kama ninavyomkumbusha mtoto: "Mama, kwao banapikaka samaki. Mu nyumba yao samaki iko kila siku."

"Nilijua hiyo kabla yako."

"Na Gaju?"

Alikuwa akiangalia mlango, na nje ya mlango Gaju alikuwa amefungwa, anatafuna. Kisha akasema, "Ile siku ya arusi miye nilifikiri ngombe yangu. Yeye alifikiri mutoto yake. Hii mafuta ikitoka mu mikono yangu iko yake. Afanye nayo vile anapenda."

Alikifunga tena kitambaa mwenyewe, akakaza fundo. Mimi niliyeandika tarehe kumi na mbili kwamba ana moyo mgumu nilitoka kutafuta kuni. Nililia huko huko, ambako hakuna mtu anayekuuliza. Ng'ombe yule ndiye mali yake yote na ndiye rafiki yake, na anaamini kabisa kwamba kwa chungu hiki anaweza kumkausha. Mimi siamini. Lakini yeye anayeamini ndiye aliyetoa.

Julai 7

Tumeondoka. Njia ya mashamba, rahisi. Miguu yangu inauma na sijamwambia mtu. Chungu nakibeba mimi.

Julai 8

Sasa mto umeingia kati ya miamba na hakuna tena njia, kuna mawe tu. Upande wetu mwamba unapanda wima, umejaa mizizi na matone, na maji chini yanapiga kelele mpaka inabidi tuzungumze kwa mikono. Nilikuwa nimeishi karibu na mto huu maisha yangu yote nikidhani naujua. Nilichokuwa nakijua ni mahali pa kufulia.

Mume wangu alisimama juu ya jiwe lililolowa na kurusha uzi wake. Lazima niseme ukweli: ni kitu kizuri kuangalia. Uzi unakunjuka hewani polepole, unanyooka, na yule nzi anatua bila kutikisa maji. Nyumbani ni mtu wa kujikwaa kwenye ndoo. Hapa alikuwa na adabu kuliko askofu. Alitoa samaki mwenye magamba makubwa yanayong'aa kama sufuria mpya, akamshikilia ndani ya maji mpaka akapata nguvu, akamwachia.

Kila anaporusha, midomo yake inachezacheza. Nilifikiri anasali. Nilimsogelea kwa nyuma, nikasikia anasema, "Mama Libérata, tumekuja mbele yako," halafu anasimama, anatikisa kichwa, anarusha tena: "Mama Libérata, ile siku ya arusi..." Hafiki popote. Amevua samaki wengi leo kuliko maneno.

Julai 9

Katika kijiji kimoja mwanaume mmoja alitaka kuona picha zote zilizo ndani ya kamera, pamoja na ile ruhusa ya chifu. Myriam alimpa bila shida. Aliona mwamba, mwamba mwingine, maji, mwamba, mimi nikipiga miayo, samaki, mwamba. Akauliza kama ni kweli tumetoka Kalembe kwa sababu ya haya. Mume wangu akasema tunakwenda kusalimia wakwe. Yule mwanaume alimwangalia, akaangalia mikono yetu, akauliza: "Na samaki ya kupeleka iko wapi?"

Tulitazamana. Kwa miezi yote hii tumepanga kila kitu, mpaka pini za nguo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu anayevua njia nzima hadi kwa wakwe wanaokula samaki anatakiwa kufika na samaki. Tumezoea kumrudisha majini. Mikono yetu haikumfikiria samaki kama chakula.

Julai 10

Amevua, amewaachia. Kila akitaka kumzuia mmoja, mkono unafunguka wenyewe. Myriam anacheka mpaka anakaa chini. "Shemeki, unangojea samaki ikufe na uzee kwanza?"

Julai 11

Leo mchana, kwenye bwawa lenye kivuli chini ya maporomoko, alipata mkubwa. Alipigana naye muda mrefu, akiteleza, akiingia majini mpaka kiunoni. Alipomtoa, alimlaza juu ya majani na kukaa karibu naye. Nilimwambia akitaka nitafanya mimi. Alisema hapana, ni kazi yake. Alichukua jiwe, akageuza uso, akampiga, akakosa, akapiga jiwe lingine. Mara ya pili alimwangalia.

Baadaye alimsafisha vibaya sana, akamtia chumvi, akamfunga kwa majani ya ndizi. Hakuvua tena. Aliukunja uzi wake vizuri na kuufunga. Nilimuuliza kama amepata maneno ya kusema. Alisema alikuwa nayo asubuhi.

Julai 12, Pinga

Nitaandika yote leo, hata kama mkono utauma.

Tulifika asubuhi. Gentille alitukimbilia kwenye njia, na mimi nikamkumbatia, lakini macho yangu yalikuwa chini, yanamtafuta mwingine. Alikuwa nyuma ya sketi yake. Ana masikio ya mume wangu, masikini. Alikataa kunipa mkono. Yves mkwe wetu alichukua mizigo yetu na kutukaribisha kwa heshima, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Na mlangoni alikuwa amesimama Mama Libérata, mwanamke mwembamba, mikono mirefu, kitenge kimefungwa vizuri. Alitupa viti nje, mbele ya nyumba. Alituuliza habari za njia, za maharage, za mvua. Kila kitu kilikuwa sawa na hakuna kilichokuwa sawa.

Mume wangu alimpa samaki kwa mikono miwili. Mama Libérata alifungua majani, akamwangalia samaki, akamgeuza. Alishukuru vizuri sana. Kisha akamweka chini kwenye kizingiti, nje ya mlango, akarudi kukaa.

Tulikaa. Jua lilikuwa linampiga samaki. Nzi walikuja, wale wa kweli. Akaja mbwa wa nyumba, anatembea polepole, hana haraka. Akanusa hewa. Akalala karibu. Akainuka, akasogea tena. Mume wangu alikuwa akimwangalia mbwa na jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kiti. Yule samaki ndiye kiumbe wa kwanza ambaye mume wangu amewahi kumuua kwa ajili ya mtu, na mbwa alikuwa amebakiza hatua chache. Niligeuza macho, nikamkuta Mama Libérata haangalii mbwa wala samaki. Alikuwa anatuangalia sisi.

Mbwa alinyoosha shingo. Ndipo Mama Libérata akasema, kwa sauti ya chini: "Munaona vile inaumaka?"

Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi mtoni yalimkimbia mume wangu. Alisema tu, "Ndiyo, mama. Tunaona. Utusamehe."

Mama Libérata alimfukuza mbwa kwa ndala yake. Alimwokota samaki, akapangusa vumbi kwenye majani. "Muingie," akasema. "Jua ni kali."

Ndani nilitoa chungu. Nilimwambia ni cha Mama Athanasie, kwamba hakuweza kutembea umbali huu lakini alitaka kije. Alilifungua lile fundo polepole. Alinusa. Gentille alipoona ni nini alisimama wima, maana amekulia kwetu, anajua. Mama Libérata aliuliza, "Ni ya ile mama mwenyewe? Ya ngombe yake?" Nikasema ni yake mwenyewe.

Akaweka sufuria kubwa kwenye moto. Akayamwaga mafuta yote ndani, yote, hata akapangusa chungu kwa kidole, na yalipoanza kulia akamweka samaki wetu humo.

Gentille alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Niliyaona mafuta ya Gaju yanachemka kuzunguka samaki, na ingawa mimi siamini, nilimfikiria ng'ombe yule. Niliziona asubuhi zote zile, kibuyu kikitikiswa. Nilimwona mama mkwe akimwaga maziwa kwa sababu ya unyoya mmoja. Na mdogo wangu Myriam, kwa sababu mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri, akapiga picha ya sufuria.

Tulikula. Mama Libérata alimega kipande cha kwanza, cha tumboni, akamwekea mume wangu. Cha pili akaniwekea mimi. Nilikuwa sijawahi kula samaki tangu nizaliwe, maana kwa mama yangu pia hakuingia. Ana miiba mingi na ni mtamu sana. Nilikuwa napambana na mwiba Prince aliponisogelea. Aliniangalia kwa huruma, akapanda mapajani mwangu bila kuniuliza, akachambua kipande kwa vidole vyake na kunilisha. Sikumbuki tena ladha yake. Nilikuwa nimemshika.

Julai 15

Tumerudi kwa pikipiki, siku moja tu. Maneno yameshasemwa, hakuna haja tena ya kutembea. Prince alinipungia mkono kwanza kulia halafu kushoto. Nimemwomba Myriam aifute ile picha ya sufuria. Amesema ataifuta.

Julai 16

Mama mkwe ameuliza kama yule mama alipokea. Tumesema alipokea. Ameuliza kama alifurahi. Tumesema alifurahi sana. Hakuuliza zaidi. Ananiangalia na mimi naangalia sombe langu, majani ya muhogo ninayotwanga.

Julai 19

Myriam alikuja na kompyuta yake ndogo kuonyesha picha. Mama mkwe alivaa miwani, akakaa mbele kabisa. Miamba aliisifu. Maporomoko aliyaogopa kidogo. Alipomwona Prince alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaigusa picha kwenye shavu. Nilikuwa nimeanza kutulia. Ndipo ikatokea sufuria. Myriam hakuwa ameifuta. Amesema ndiyo picha bora aliyopiga mwaka huu, mkono wake haukukubali. Sasa najua mikono isiyokubali iko katika ukoo wote.

Ilionekana wazi: samaki, mafuta ya manjano, na pembeni chungu kitupu na kitambaa cha Pasaka. Mume wangu alitazama miguu yake.

"Hii mafuta, njo yangu?" aliuliza mama mkwe.

Nikasema ndiyo.

"Alitia yote?"

"Yote, mama."

"Hakubakisha hata ya kesho?"

"Alipangusa na kidole."

Alikaa akiiangalia. Nilianza kutafuta maneno, kwamba hakujua, kwamba kwao ndivyo wanavyofanya. Akaniinulia mkono ninyamaze. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kidogo kuelewa kwamba anacheka. "Batu banaweka zawadi yako ku kabati mpaka inaoza," akasema. "Yeye alikula yote siku moja. Ule mama anajua kupokea."

Halafu akatoka kwenda kumwona Gaju. Alikaa naye mpaka giza.

Julai 20

Nilikuwa wa kwanza kwenye ndoo leo, kabla hata ya mwenye ng'ombe. Maziwa ni yale yale. Mama mkwe alikuja, akaangalia ndani. Akaanza kutikisa kibuyu.

Agosti 3

Jua. Kalenda ya Myriam itakuwa na miezi kumi ya mawe.

Agosti 18

Leo kwenye maharage kulikuwa na mafuta ya ng'ombe. Kijiko kimoja kila mtu.

Agosti 30

Mawingu upande wa Walikale. Watu wanalima haraka, wanachagua mbegu. Gentille amepiga simu: watakuja kabla ya kupanda. Nimeuliza watakuja nani. Mtandao ukakatika.

Septemba 6

Wamefika mchana kwa pikipiki mbili. Gentille na Yves na mtoto kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili, amekaa wima nyuma ya dereva, Mama Libérata, na mapajani kikapu kikubwa kilichofunikwa kwa majani. Harufu yake ilifika kabla yake.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Prince alikwenda moja kwa moja kwake, kwa sababu alikuwa ameshika fimbo ya kutembelea, na mtoto anapenda fimbo. Mama mkwe alimshika kichwa kwa mikono miwili, akabaki hivyo. Sisi wengine tulisimama uani. Mama Libérata alishuka, akasalimia kila mtu kwa jina. Kisha, kwa heshima, bila kuulizwa, alikipeleka kikapu chini ya upenu, mahali pale pale, akakiweka chini na kunyoosha mgongo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajua tu sharti la nyumba hii.

Tone la kwanza likapiga bati. La pili. Mbwa wetu akainua kichwa.

"Mama Yves," mama mkwe akasema, "mvua inakuya. Ingiza kitunga yako."

Mama Libérata alisema ni samaki.

"Nasikia harufu. Iweke juu, imbwa isifikie."

Alikiingiza. Juu ukutani kuna msumari mmoja tu, na kibuyu cha maziwa kimetundikwa hapo tangu niolewe. Sote tulisimama tukiuangalia, na mvua ikaanza kunyesha kweli kweli. Mama mkwe alimkabidhi Prince fimbo yake, akanyoosha mikono, akakishusha kibuyu mwenyewe na kukaa nacho mapajani.